Mnyama wa Nyuma ya Kope

Friji lile halikuwa kwenye umeme, lakini lilikuwa baridi.

Fundi aligundua hilo asubuhi moja alipoegemeza kiganja ubavuni mwake ili afunge kamba ya kiatu. Akakitoa kiganja, akakitazama, akakirudisha. Haukuwa ubaridi wa bati lililokaa kivulini. Ulikuwa ule wa friji linalofanya kazi, unaouma mpaka kwenye vifupa vya vidole. Akachungulia nyuma. Waya ulikuwa umekatwa tangu siku lilipoletwa, na pale pa kompresa palikuwa patupu, maana kompresa yenyewe alikwishaing'oa akaiuza. Friji lisilo na kompresa kuwa baridi ni sawa na gari lisilo na injini kukutwa juu ya kilima. Fundi akacheka peke yake, akajiambia amelala vibaya, akarudi kwenye majokofu ya wateja yaliyokuwa yakimsubiri.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Uani mkewe alikuwa akipiga pasi nguo za watu, kwa pasi za mkaa na za umeme, kutwa nzima. Majirani walipenda kuwatania kwamba nyumba ile mbele inauza baridi na nyuma inauza joto, na mteja akikosea mlango anaweza kupata mafua. Katikati ya hayo mawili alikuwepo binti yao wa pekee, aliyezaliwa wakati wao walikwishakata tamaa, na madaktari nao wakiwa wamekwishawaambia waridhike. Walimwita Kiberiti, kwa sababu alikuwa mdogo, mwembamba, na alikuwa akiwaka kwa jambo dogo tu. Alikuwa na joto kiasi kwamba mama yake alikuwa akimsukuma kitandani akisema, "Sogea huko, unaniunguza."

Friji lililetwa na muuza vyuma chakavu, likiwa limezungushiwa mkanda wa plastiki mlango mzima, kama mtu aliyefungwa bandeji.

"Limetoka kwenye meli iliyokuwa ikienda mwisho wa dunia," alisema yule bwana. "Kule ambako bahari inaganda, watu wanatembea juu yake."

"Na wewe nani kakwambia?"

"Aliyeniuzia."

"Na yeye?"

"Aliyemuuzia yeye. Bwana wee, unataka friji au unataka historia?"

Fundi alitaka mpira wa mlango tu. Alipobandua mkanda na kufungua, hakukuta kitu, ila harufu ya ajabu kidogo, ya chuma kilicholowa. Mpira ulikuwa umekufa. Basi badala ya kulitupa, akaling'oa komeo ili mlango usiweze kumfungia mtoto ndani, akaweka betri na balbu ndogo ya tochi, akaziunga na kile kitufe cha mlangoni kinachowasha taa mlango ukifunguliwa na kuizima ukifungwa. Akampa Kiberiti liwe duka lake. Alijisikia baba wa maana sana siku hiyo.

Kiberiti alicheza duka kwa muda mfupi tu. Kisha likamjia swali.

"Baba, mlango ukifungwa, taa inazima kweli?"

"Inazima."

"Umejuaje, na wewe uko nje?"

Fundi, aliyekuwa ametengeneza majokofu nusu ya umri wake, akakuna kichwa. Akamwonyesha kitufe, akakibonyeza kwa kidole. Haikutosha. Mtoto alitaka kuona kwa macho yake. Basi ikawa ndiyo kazi yake, kutoka asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku: anaubana uso wake kwenye upenyo wa mlango, anaufunga taratibu, anaufungua, anaufunga, anaufungua. Ta, ta, ta. Fundi aliizoea sauti ile, kiasi kwamba ikinyamaza anainua kichwa.

"Baba, kuna babu humu ndani," Kiberiti alisema siku moja.

"Babu gani?"

"Babu tu. Jana alikuwa kijana."

"Mwambie alipe kodi."

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, mtoto alikuja akisugua jicho. "Yule babu kafa," akasema. "Kitoto chake kimeniingia jichoni." Mama yake akamvuta, akalipanua jicho kwa vidole, akapuliza kama mama yeyote anavyopuliza vumbi kwenye jicho la mwanawe. Hakuona kitu. Ila pumzi yake mwenyewe ilimrudia usoni ikiwa baridi, akashtuka, kisha akaona aibu kumwambia mumewe jambo la kipuuzi namna hiyo.

*

Asubuhi iliyofuata Kiberiti hakumuunguza mtu kitandani. Mama yake ndiye aliyeamka anatetemeka.

Walidhani ni homa ya baridi. Wakampeleka hospitali, akapimwa kila kinachopimika, damu ikaonekana safi. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na macho ya kukosa usingizi, akambadilishia mtoto vipimajoto akidhani ni vibovu. Wakamfunika, wakamwekea chupa za maji ya moto mgongoni na miguuni, na alipokuwa macho alipata nafuu kidogo, akaomba na biskuti. Aliposinzia tu, joto likashuka tena. Daktari alipiga simu huku na huku, akasema kweli hajawahi kuona kitu cha aina hii, na kwamba wiki ijayo angekuja bingwa. Mama Kiberiti alimtazama mtoto, akaelewa kwamba wiki ijayo ni mbali mno. Wakambeba wakarudi nyumbani.

Mama alifanya alichokijua. Alipasha pasi zote, akapiga nguo za mtoto, moja baada ya nyingine, akamvalisha zikiwa bado zinatoa mvuke. Gauni lilitoka kwenye pasi likimchoma yeye vidole, na kabla hajamaliza kulifunga vifungo lilikuwa limepoa, na lilipokaa kidogo kwenye mwili ule likawa gumu, likikatika mikunjo kwa sauti ndogo kama maganda ya yai. Akalivua, akavalisha jingine. Akalivua, akavalisha jingine. Alikuwa analia bila sauti, na machozi yakidondokea bamba la pasi yanachemka yanapotea.

Fundi alitoka mbio kwenda kumwita dada yake.

Dada yake Fundi alikuwa mganga wa mashetani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, anayejulikana kwa kuyatukana majini mpaka yakaona haya yakaondoka. Aliingia akamtazama wifi yake akiwa amezungukwa na pasi, akataka kutania kama kawaida yake, akaona hapana. Akakaa kitandani kwa mtoto.

"Haya mgeni," akasema. "Mimi ndiye shangazi mtu. Sema jina lako, sema kwenu, sema unachotaka. Ukitaka marashi utapata, ukitaka matusi nayo ninayo."

Kiberiti alikuwa amesinzia. Shangazi akarudia kwa lugha nyingine, akarudia kwa ukali, akampulizia moshi wa ubani. Hapakuwa na mtikisiko, wala kilio, wala ile sauti nzito inayomtoka mtu aliyepandisha jini. Kilichokuwepo ni mlio, mdogo, wa mbali, krr, krr, kama mtu mzito anakanyaga chumvi kavu, na ulikuwa unatoka kwenye uso wa mtoto, nyuma ya kope zake zilizofungwa, ukienda upande huu na kurudi upande ule. Shangazi akainamisha sikio. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "humu hamna mtu."

"Una maana gani hamna mtu?"

"Majini ni watu kama sisi. Wana ukoo, wana majivuno, ukimtajia mama yake anaona haya. Huyu hasemi kwa sababu hajui kusema. Huyu ni mnyama wao. Kama sisi tulivyo na fisi na mamba, na wao wana wa kwao."

"Sasa anafukuzwaje?"

"Mnyama haombwi, wala hatukanwi. Inabidi umjue. Anakula nini, analala lini, anazaa vipi. Ukishamjua ndiyo unaona pa kumpiga."

"Na nani atatuambia hayo?" Fundi aliuliza. "Tumuulize nani, dada?"

Shangazi akamtikisa mtoto bega, taratibu. "Tumuulize anayekaa naye."

*

Kiberiti alifumbua macho. Mlio ukakatika papo hapo. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, lakini akili zake zilikuwa timamu, na alifurahi kuulizwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Kikoje, mwanangu?" Fundi akasema. "Mwambie Baba."

"Kirefu. Cheupe, lakini ukikitazama sana unaona mpaka ndani. Hakina macho. Mdomo hakina."

"Sasa kinakulaje?" mama yake akauliza, kisha akaziba kinywa chake kwa kiganja.

"Kinanilalia tu. Tumbo lake linafunguka, halafu kinanilalia. Hakiumi. Ni baridi tu." Akafikiri kidogo. "Kina miguu mipana kama sinia. Na manyoya yake yanawajua. Mama akija yanamgeukia Mama, yote. Baba akija yanamgeukia Baba. Yanapenda mtu wa moto."

"Kinalala?"

"Nikifungua macho kinalala, kinajifukia kwenye ile nyeupe. Nikifunga macho kunakuwa usiku, kinaamka. Halafu nikifungua, nikifunga tena, kimekua. Kwanza kilikuwa kitoto. Saa hizi kikubwa kama mlango."

Fundi akakumbuka kitu. Alikuwa amesikia zamani, redioni au kwa mtu, kwamba huko mwisho wa dunia usiku ni msimu mzima na mchana ni msimu mzima. Jua likizama linazama nusu mwaka, likichomoza linakaa angani nusu mwaka. Kiumbe wa huko hahesabu siku. Kwake giza moja na mwanga mmoja ni mwaka. Akikaa gizani anakula kipupwe kizima bila kuzeeka, na akiona mwanga umri wake umesogea. Mle ndani ya friji, chini ya mkanda, kitu kile kilikuwa kimekaa katika usiku mmoja, na njaa yake, kisiongeze umri hata kidogo. Halafu yeye, Fundi, kwa mapenzi yake na ufundi wake, akakiwekea taa. Akampa mtoto wake kitufe cha miaka akichezee.

"Yule wa kwenye friji," Shangazi aliuliza, "alikufaje?"

"Alizeeka. Nilikuwa nafungua na kufunga, akazeeka, manyoya yakamtoka, akalala. Alipokufa tumbo likafunguka, kikatoka kitoto kimoja. Kidogo kama chembe ya chumvi. Kikarukia kwangu kwa sababu mimi ndiye nilikuwa karibu."

Watu wazima watatu wakatazamana. Wote walikuwa wameelewa.

"Kinazaa siku ya kufa," Shangazi akasema. "Kimoja tu. Nacho kinarukia penye joto palipo karibu."

Kiberiti alianza kusinzia tena. Kope zikateremka, na chumba kikawa baridi ghafla hata mkaa kwenye pasi ukafifia, na ule mlio ukaanza, krr, krr, mzito kuliko mara ya kwanza, ukakaribia mpaka ulipokuwa kama uko nyuma tu ya ngozi nyembamba ya jicho, ukasimama, na mtoto akashusha pumzi moja ndefu ya moshi mweupe na asivute nyingine, na Fundi akamnyakua akampiga kofi la shavu, yeye ambaye hajawahi kumpiga, akapiga kelele, "Amka! Kiberiti, amka! Usifunge macho, mwanangu, usifunge!"

Macho yakafunguka. Alivuta pumzi. Akamtazama baba yake kwa mshangao wa kupigwa.

"Hawezi kukaa macho maisha yake yote," mama akasema. "Akilala kinamla. Baba Kiberiti, akilala tu kinammaliza!"

"Hatalala," Fundi akasema. "Atapepesa."

Akawaeleza harakaharaka, maneno yakigongana. Usiku mrefu ndio unaomlisha mnyama yule. Usiku mfupi haumtoshi hata kuinuka na kumfikia mtu, lakini mwaka unahesabika vilevile. Afumbe, afumbue, afumbe, afumbue, upesi upesi, miaka impite mnyama akiwa na njaa, mpaka azeeke afe.

"Na kitoto chake?" Shangazi akauliza kwa sauti ya chini. "Kitakapotoka, mtoto huyu hana joto la kukitamanisha. Kitamrukia aliye karibu naye."

"Najua. Mtatoka nje, nyote wawili."

"Nitakaa mimi," mkewe akasema. "Nimembeba tumboni huyu. Nitakaa mimi."

"Mke wangu, nisikilize. Friji nilileta mimi. Taa nilifunga mimi." Akamweka mtoto vizuri mikononi. "Kikiwa kwangu, nitakwenda kule machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ambako hakuna mtu wala mbuzi. Nitapepesa peke yangu mpaka kizeeke. Kikikosa pa kurukia kitakwisha. Si ndiyo, dada?"

Shangazi akamtazama mtoto. "Mnyama akikosa pa kulea, uzao wake unakatika," akasema. "Nadhani. Ndiyo."

Mama Kiberiti hakubishana tena. Alikwenda uani, akachukua shati la mumewe na koti lake la kazi, akavipiga pasi mpaka vikaanza kunukia kuungua, akarudi akamvalisha mwenyewe, akimfunga vifungo mpaka shingoni. Ngozi ya Fundi ilibabuka kifuani, naye akalibana koti zaidi. Alitaka kuwa kitu cha moto kuliko vyote ndani ya nyumba ile. Mkewe akamshika uso kwa mikono miwili, akatoka na Shangazi, akafunga mlango.

"Kiberiti, tucheze mchezo," Fundi akasema. Aliketi naye uso kwa uso, pua karibu zigusane. "Tunapepesa pamoja. Funga, fungua, funga, fungua. Atakayefunga akachelewa kufungua, huyo kashindwa."

"Nikishinda utanipa nini?"

"Chochote utakacho."

Wakaanza. Mwanzoni mtoto alicheka, akipepesa kama taa mbovu. Kisha akachoka, na Fundi akawa anaimba "funga, fungua" kwa sauti iliyokauka, na kila kope zilipokutana alisikia hatua moja ya mnyama, krr, na zilipoachana ikakatika. Krr, kimya. Krr, kimya. Mtoto akawa anasimulia katikati: kimesimama, kinataka kuja, kimerudi kujifukia, kimekuwa kikubwa, kimekonda, manyoya yanakitoka, kinatambaa. Mara mbili kope zake ziligoma kufunguka na Fundi akazipandisha kwa vidole gumba huku akisema, "Hujashindwa, hujashindwa, hiyo haihesabiwi, twende." Hatua zikawa nyepesi, zikawa za kuburuta, na mwishowe kope zilifunga na hapakuwa na hatua yoyote.

"Kimelala chali," Kiberiti akanong'ona. "Tumbo linafunguka."

Fundi alimvuta akamkumbatia kwenye koti lile la moto, akafungua macho yake kadiri yalivyoweza kufunguka, akangoja. Alihisi mchomo mmoja mdogo kwenye kona ya jicho la kulia. Hata vumbi linauma zaidi.

Mtoto mikononi mwake akaanza kutoka jasho.

*

Hakungoja chai. Alimkabidhi Kiberiti kwa mama yake, akaona rangi imerudi midomoni, akamsikia akidai biskuti kwa hasira, na hilo likamtosha. "Mshikeni asinifuate," akasema, akatoka.

Alitembea mchana kweupe, jua la utosini, akipepesa macho kwa makusudi, na watu aliopishana nao wakadhani ana ugonjwa wa macho, wakamwonea huruma. Alikaa mbali nao wote, akihamia upande wa pili wa barabara kila alipoona mtu. Kila alipofumba aliiona nyeupe ile isiyo na mwisho, tambarare, na kitu kidogo kikitembea juu yake bila kuzama. Alipofika ukingo wa machimbo kilikuwa kirefu kama mlango. Alipofika chini kabisa, penye kokoto tupu na hewa inayochezacheza kwa joto, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na jasho la kifuani limekuwa vipande vya barafu.

Alikaa juu ya jiwe, akaendelea. Funga, fungua. Aliona manyoya yakianza kumpukutika mnyama. Aliona mgongo ukipinda. Akaanza kutumaini, maana kilikuwa kinatambaa sasa, kinaburuta ile miguu mipana, na hapakuwa na kiumbe chenye damu kokote alikotazama. Alimwaza mkewe na pasi zake, akamwaza Kiberiti akiwa mkubwa, anakuja kumtembelea na maswali yake yasiyo na majibu. Mnyama akalala kwa ubavu. Bado kidogo. Bado kidogo sana.

"Baba!"

Fundi aligeuza kichwa. Kule nyumbani, mama na shangazi, ambao hawakuwa wamelala tangu mtoto alipougua, walikuwa wamesinzia wamekaa, wamemweka katikati yao; na Kiberiti, aliyepona, na aliyekuwa amesikia baba yake akiyataja machimbo, akakumbuka kwamba alishinda na hajapewa kitu. Sasa alikuwa anateremka machimbo mbio, miguu peku, kokoto zikiporomoka nyuma yake, uso ukimng'aa kwa jua na furaha.

"Baba! Na mimi nacheza! Umeanza bila mimi!"

Alitaka kupiga kelele arudi. Midomo ilikuwa imeganda, na sauti iliyotoka haikufika hata kwenye magoti yake mwenyewe. Alitaka kuinuka akimbie, na miguu haikumjibu. Akakodoa macho yasifumbe, akayakodoa mpaka yakabubujika machozi, kwa sababu kila kope zikigusana ni mwaka, na mnyama yule alikuwa amebakiza mwaka mmoja au nusu yake. Lakini jua lilikuwa kali, macho yanawaka, kope zinatetemeka zenyewe, na hakuna mtu duniani anayeweza kukaa asipepese. Mtoto alikuwa anakaribia, ana joto la mbio zote zile, ana joto kama la zamani. Fundi akahisi ndani ya kichwa chake manyoya machache yaliyobaki yakigeuka, yote kwa pamoja, kuelekea kwa mtoto.

Ikabaki njia moja tu ya kuuzuia mwaka usigeuke.

Akamtazama binti yake, mashavu, mapengo ya meno, gauni lenye mikunjo ya pasi, akamtazama sawasawa. Kisha akafunga macho, akayabana.

Katika nyeupe ile giza likatanda, na safari hii halikuondoka. Mnyama mzee akainua kichwa chake kisicho na macho. Alipohisi usiku unaendelea, akajizoazoa, akaanza kuja.

Kiberiti alifika, akampanda mapajani akihema, akamshika mashavu kwa viganja vyake vya moto.

"Umefunga!" akapiga kelele za shangwe, zikarudi mwangwi kutoka kuta zote za machimbo. "Umefunga, Baba, umechelewa! Umeshindwa!" Akangoja. Akamkung'uta barafu kwenye nyusi kwa kidole. "Haya fungua basi. Fungua, tuanze upya."